Kimathi wa Ol Kalou, yule hatukufunzwa

Wacha nianze na kitu kitakachoudhi watu wa Nyeri kidogo: Kimathi si wenu peke yenu.

Najua, najua. Alizaliwa Tetu, kijiji cha Thenge, tarehe 31 Oktoba 1920. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu, na kesi yake ilisikizwa Nyeri mjini. Chuo kikuu chenye jina lake kiko huko. Hayo sibishi. Lakini ukiniuliza ni wapi kijana ambaye hakuwa anakaa kwa kazi moja muda mrefu aligeuka kuwa mtu wa kuwindwa na jeshi la Uingereza kwa miaka minne, mimi nitakuelekeza upande wetu huu. Ol Kalou, na Nyahururu, ambayo enzi hizo iliitwa Thomson's Falls. Kutoka Nakuru si mbali. Matatu ya Dundori inakufikisha Ol Kalou, ile ya Subukia inakufikisha Nyahururu. Umepita huko mara ngapi ukiwa umejiwekea muziki masikioni, na hakuna mtu amewahi kukuambia kwamba hapo ndipo Dedan Kimathi alikuwa katibu wa chama?

Katibu, si jenerali. Hilo ndilo neno nataka tukae nalo leo, juu nadhani linaeleza maisha yake kuliko cheo chochote alichopata msituni.

Shuleni tulipewa Kimathi kwa mistari mitatu: aliongoza Mau Mau, alishikwa 1956, alinyongwa 1957. Mtaani tukapewa picha. Unaijua. Rasta, amelala, pingu mikononi, macho yanakuangalia. Iko kwa fulana, iko kwa matatu, iko kwa ukuta wa kinyozi. Sasa jiulize ni nani alipiga hiyo picha. Ni wale waliomshika. Waingereza walichapisha maelfu ya karatasi zenye picha ya Kimathi aliyejeruhiwa, wakazisambaza vijijini ili watu waone mambo yameisha. Sisi tukachukua tangazo la kushindwa kwake tukalifanya nembo ya ushujaa. Mimi sioni ubaya, enyewe naona ni ujanja wa maana. Shida yangu ni kwamba picha hiyo inaonyesha mtu wa msitu tu. Kalamu haionekani.

Kuelewa kalamu inaingia wapi, lazima uone Bonde la Ufa la wakati huo. Kuanzia Naivasha, upande mpaka Nakuru, Njoro, Molo, na ng'ambo ile ya Kinangop na Ol Kalou, ardhi nzuri ilikuwa imetengewa wazungu kisheria. Setla mmoja angekuwa na maelfu ya ekari, na mikono yake ni miwili. Kwa hivyo walikuja watu, wengi wao Wagikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, wakapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo yao, na wao wakamfanyia setla kazi. Hao ndio maskwota. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 walikuwa karibu 200,000 pamoja na familia zao.

Mwanzoni wengine waliona ni afadhali kuliko kubanana nyumbani. Una mbuzi, una ng'ombe, mahindi yanakua. Halafu sheria zikaanza kukaza. Sheria ya 1918 ilisema skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Ile ya 1937, ambayo makali yake yalihisiwa miaka ya 1940, iliwapa masetla wa kila wilaya nguvu ya kupunguza shamba la skwota, kupunguza mifugo yake na kupandisha siku za kazi hadi 240, mahali pengine 270. Hebu fanya hesabu. Mwaka una siku 365. Toa 270, zinabaki 95. Toa Jumapili zote, zinabaki 43. Hizo 43 ndizo za kulima chakula cha watoto wako, kujenga, kuzika, kuoa na kuugua. Na ng'ombe, ambaye ndiye benki yako, unaambiwa umuuze.

Yote hayo yalikuja kwa karatasi. Mkataba ambao huwezi kuusoma, unaweka kidole gumba. Kipande chenye alama za vidole vyako, kimefungiwa kwa kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni. Shosho wangu wa upande wa mama alizaliwa kwa shamba la setla huko Ol Kalou. Anasema baba yake aliogopa karatasi kuliko alivyomwogopa nyapara. Nyapara unaweza kumpa muratina akatulia. Karatasi hainywi.

Na bado hatujafika Olenguruone. Hii iko hapa hapa kaunti ya Nakuru, juu huko Kuresoi, lakini wasee wengi wa mjini wanaijua kwa viazi tu. Mwaka wa 1941 serikali iliwaweka huko Wagikuyu waliokuwa wameondolewa sehemu zingine, ikawapa masharti: ulime hivi, usilime vile, na ujue wewe ni mpangaji wa serikali, ardhi si yako. Wakakataa. Wakaanza kula kiapo cha umoja, na hapa ndipo kuna jambo jipya. Kiapo cha siasa cha zamani kilikuwa cha wanaume wachache walioaminika. Cha Olenguruone walikula wote, wanaume, wanawake, hata watoto. Mtindo huo ukateremka mashambani, shamba kwa shamba, skwota kwa skwota. Kufikia 1950 serikali ilikuwa imewafukuza, wengine wakatupwa Yatta kwenye ukame. Agosti mwaka huo huo Mau Mau ikapigwa marufuku. Kwa hivyo mtu akikuambia Mau Mau ni stori ya mlimani, muulize Olenguruone iko mlima gani.

Sasa Kimathi anaingia kwa hii stori na rekodi ya mtu ambaye leo mngesema hajielewi. Aliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1940, akatolewa haraka kwa utovu wa nidhamu. Alifundisha Tumutumu, akatoka kwa kutoelewana na wakubwa. Akafanya vibarua na ukarani wa hapa na pale. Kitu ambacho hakikumwacha ni maneno. Akiwa mtoto aliokota mbegu za miti akauza ili apate karo. Alipokuwa mkubwa kidogo alipenda mijadala na Kiingereza, na alikuwa na ule ujasiri wa mtu anayejua kwamba akisimama kuongea watu watanyamaza.

Weka mtu kama huyo katikati ya mashamba ambayo kila kitu kinaamuliwa kwa karatasi na wengi hawawezi kusoma. Atakuwa na kazi usiku na mchana. KAU, chama cha kina Kenyatta, kilikuwa kimefungua matawi huku, na kufikia 1952 Kimathi alikuwa katibu wa Ol Kalou na Thomson's Falls. Mchana anaandika, usiku anaapisha watu. Kwangu hapo ndipo amiri jeshi alizaliwa. Ile kazi ya katibu, ya kujua nani yuko shamba gani, nani anaaminika, nani ana deni, ujumbe unapitia wapi, ndiyo kazi ya kamanda wa msituni. Tofauti ni bunduki tu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo kina Kenyatta wakachukuliwa. (Ndiyo, Mashujaa Dei tunayokula chapati ni siku ile ile. Mimi nilijua hivyo nikiwa nimeshamaliza shule, na sikufundishwa na mwalimu.) Muda mfupi baadaye Kimathi alikamatwa, na akatoroka kwa kusaidiwa na polisi wa huko huko. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ndani ya msitu wa Nyandarua.

Kitu kimoja sitaki kupaka rangi. Vita vilipofika upande wetu vilikuwa vibaya pande zote. Novemba 1952 setla mmoja wa karibu na Thomson's Falls aliuawa nyumbani kwake. Januari 1953 huko Kinangop iliuawa familia ya Ruck, baba, mama, na mtoto wao Michael mwenye miaka sita. Nimeona watu mtandaoni wakipita hiyo kama haikufanyika, ama wakisema wazungu wangapi, Waafrika wangapi. Hesabu iko, nitaitaja. Lakini miaka sita ni miaka sita.

Jibu la serikali lilikuwa kufukuza. Makumi ya maelfu ya Wagikuyu waling'olewa mashambani Bonde la Ufa wakarudishwa "nyumbani", mahali wengi hawakuwa wamewahi kuishi. Walipitishwa kambi za muda, zingine hapa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Thomson's Falls. Shosho alikuwa mdogo sana. Kwa safari yote anakumbuka lori, baridi, na kuku wao walioachwa wakizunguka uwanjani. Ukiangalia ki-vita, hilo lilikuwa kosa kubwa la Waingereza. Vijana ambao jana walikuwa na kazi na ng'ombe sasa hawana chochote, wamerundikwa kando ya msitu. Msitu ukajaa.

Halafu Naivasha. Hii ingekuwa filamu kama tungekuwa na pesa za filamu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji chini ya Mbaria Kaniu walifika kwa lori kwenye kituo cha polisi cha Naivasha. Wakavamia, wakafungua ghala la silaha, wakabeba bunduki za kutosha na risasi, na wakawatoa zaidi ya wafungwa 170 waliokuwa wamefungiwa pale kando. Mbaria si Kimathi, na Naivasha haikuwa mji wa Kimathi, lakini baada ya usiku huo hakuna ofisa wa Kiingereza aliyesema tena kwamba hawa ni wahuni wa mapanga. Shida ni kwamba usiku huo huo, Lari, upande wa Kiambu, kundi lingine lilichoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali na kuua zaidi ya 70, wengi wanawake na watoto. Halafu askari na homugadi wakalipiza, wakaua wengi zaidi. Dunia ikaonyeshwa picha za Lari. Naivasha ikasahaulika. Ndiyo maana nasema hivi vita vilipiganwa pia kwa karatasi na picha, na huko Waingereza walikuwa na matbaa.

Kimathi alielewa hilo, na ndicho kitu kinachonishangaza zaidi kwake. Fikiria mazingira. Nyandarua usiku ni baridi ya kukata masikio. Bunduki nyingi ni za kujitengenezea, bomba la maji na komeo la mlango, inaweza kukulipukia mkononi. Juu kuna ndege za Lincoln zinaangusha mabomu. Na katikati ya hayo kuna mtu anasisitiza kwamba kila kambi iwe na daftari. Majina ya wapiganaji yaandikwe. Walioaga waandikwe. Vyeo, silaha, mikutano, hukumu, viandikwe. Mwaka 1953 alisaidia kuunganisha vikundi chini ya Baraza la Ulinzi la Kenya, majeshi yakapewa majina, na la Bonde la Ufa likaitwa Mburu Ngebo. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya, msituni, yeye akiwa waziri mkuu. Miaka tisa kabla ya nchi kuwa na waziri mkuu, kulikuwa na mmoja chini ya mianzi ya Nyandarua, na pembeni yake karani, Karari Njama, mwalimu wa shule, akiandika kila kitu. Njama baadaye alitoa kitabu na Mmarekani Donald Barnett, 1966, na mengi tunayojua ya ndani yanatoka kwake.

Mtu atasema ni kiburi, kujiita waziri mkuu ukiwa huna hata unga. Labda. Mimi naona skwota wa zamani anamwambia setla: nawe nitakuandikia.

Lakini kalamu hiyo hiyo ndiyo iliwapasua. Stanley Mathenge alikuwa mkubwa kwake kwa heshima ya vita, alipigana Vita vya Pili vya Dunia, na wapiganaji walimpenda. Hakuwa amesoma kama kina Kimathi. Taratibu ikawa ni waliosoma upande huu, wasiosoma upande ule. Kina Mathenge waliuliza swali ambalo mimi naliona la haki kabisa: kwani tuliingia huku ili tutawaliwe na makarani wapya? Wakajitenga, kundi lao likaitwa Kenya Riigi. 1955 Mathenge akapotea na hakuonekana tena. Mnakumbuka, ama wazazi wenu wanakumbuka, 2003 alivyoletwa mzee kutoka Ethiopia kwa ndege, akapokewa kama Jenerali Mathenge amerudi? Alikuwa mkulima wa Ethiopia anaitwa Lemma Ayanu. Vipimo vya DNA vikasema si yeye. Tulicheka sana kama nchi, lakini mimi huona huzuni hapo. Watu walimtaka Mathenge arudi mpaka wakaamini sura yoyote.

Na Kimathi mwenyewe, kadiri mambo yalivyobana, alizidi kuwa mkali. Alishuku watu wake. Alihukumu kifo wapiganaji wake kwa makosa ambayo leo tungesema si ya kifo. Waliomtoroka na kwenda kusaidia serikali walikuwa na sababu zao, na moja ilikuwa yeye. Katibu mzuri si lazima awe bosi mzuri. Ukitaka shujaa asiye na doa, tafuta katuni.

Kilichowamaliza hakikuwa mabomu. Ilikuwa njaa. Aprili 1954 jeshi lilifagia Nairobi katika operesheni ya Anvil, likachukua maelfu na kukata njia za pesa na dawa. Vijijini watu wakahamishwa kwa nguvu, wakawekwa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Ukingoni mwa msitu ukachimbwa mtaro mrefu uliojaa miti iliyochongwa, na waliouchimba ni mama na dada za wapiganaji wenyewe, kwa lazima. Mtu aliyekuwa akiachiwa viazi chini ya mti sasa hana wa kumwachia. Halafu ofisa wa polisi Ian Henderson, aliyekulia huku na kuongea Gikuyu kama mwenyeji, akaanza kuwatuma waliokuwa Mau Mau jana kuwinda wenzao wa leo. Waliijua harufu ya moto, waliijua mitego, waliijua njia ya asali.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, Kimathi alitokea ukingoni mwa msitu, karibu na alikozaliwa. Amevaa ngozi ya chui. Amebaki peke yake. Aliyempiga risasi hakuwa mzungu, na hakuwa Henderson. Alikuwa Ndirangu Mau, polisi wa kikabila, Mgikuyu, aliyekuwa zamu tu.

Kesi ilianza Nyeri tarehe 19 Novemba. Ungedhani atashtakiwa kwa uhaini, ama kwa mauaji, ama kwa vita vizima. Shtaka lililomnyonga lilikuwa kupatikana na bastola, na lingine la risasi. Basi. Sheria za hali ya hatari zilitosha. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alimhukumu kifo tarehe 27 Novemba. Alinyongwa Kamiti alfajiri ya 18 Februari 1957. Katika vita hivyo Waingereza waliwanyonga watu 1,090. Masetla waliouawa na Mau Mau kwa vita vyote ni 32. Nilisema hesabu iko.

Na sasa turudi Nakuru, juu hapa ndipo bili ililetwa.

Tarehe 12 Agosti 1963, Kenyatta, ambaye sasa ni Waziri Mkuu, alikuja hapa Nakuru kuongea na mamia ya masetla. Walikuwa na hofu wazi: huyu mtu tulimfunga, sasa atatufukuza? Akawaambia wabaki, walime, yaliyopita tusameheane. Wakampigia makofi. Mjini mwetu. Ukiuliza wapi iliamuliwa kwamba vita ya ardhi haitaisha kwa kurudishiwa ardhi, jibu liko Nakuru.

Wakati huo tayari kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja. Mashamba ya masetla yalinunuliwa, kwa mikopo ya Uingereza na wengine, na kuuziwa Waafrika, kama familia 35,000. Nyandarua yote unayoiona imekatwakatwa mashamba ya ekari chache, imetoka hapo. Watu walipata, siwezi kusema hawakupata. Lakini walipata kwa mkopo. Skwota aliyelima shamba miaka ishirini, akafukuzwa kwalo kwa lori, akarudi kulilipia. Aliyekuwa kizuizini hakuwa na akiba. Aliyekuwa homugadi alikuwa na mshahara. Malizia mwenyewe.

Waliouliza hawakuachwa wazee wakiwa na amani. Jenerali Baimungi wa Meru, aliyetoka msituni kwa heshima baada ya uhuru, aliuawa 1965 na vikosi vya serikali huru. J.M. Kariuki, mtoto wa skwota wa huku kwetu, aliyekaa kizuizini miaka saba na kuandika kitabu juu yake, akawa mbunge wa Nyandarua na kulilia wasio na ardhi. Machi 1975 mwili wake ulipatikana Ngong. Na Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa chama haramu kwa sheria ile ile ya 1950 mpaka 2003. Marais wawili, miaka arobaini, na ukijiita Mau Mau bado wewe ni mhalifu kwenye karatasi.

Kuna rafiki yangu Mmaasai kutoka upande wa Naivasha ambaye huniuliza kitu kila nikianza hii stori. Huniuliza: sawa, na kabla ya setla? Ana haki. Mkataba wa 1904 ndio uliwaondoa Wamaasai bondeni hapa kuwapisha wazungu, na 1911 wakaondolewa tena Laikipia. Ogiek wa Mau nao wana yao. Ndiyo sababu mimi hukasirika mtu akichukua Kimathi na kumfanya cheti cha kabila lake kumiliki Nakuru. Mji huu unajua hiyo habari inaishia wapi. Tulikuwa watoto 2008, lakini tuliona moshi, na wengine wetu tulilala uwanja wa maonyesho. Skwota hakupigania ardhi kwa sababu ilikuwa ya babu yake. Wengi walijua haikuwa. Aliipigania kwa sababu aliifanyia kazi siku 270 na akaambiwa hana hata haki ya kuwa na mbuzi wa kumi. Hiyo ni hoja ya mfanyakazi, si ya kabila, na ndiyo hoja Kimathi aliikuta Ol Kalou.

Karatasi zake je? Nyingi zilinaswa na jeshi. Baadhi mwanahistoria Maina wa Kinyatti alizichapisha 1986, akiwa yeye mwenyewe ndani ya gereza la Kenya huru, kifungo cha miaka sita. Rekodi ya kesi ilipatikana baadaye na ikatoka kama kitabu 2017. Na Waingereza nao walikuwa na zao: 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa wameishtaki Uingereza, ilibidi serikali hiyo ikubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni mahali panaitwa Hanslope Park. Faili hizo zilisaidia. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Henderson, kwa taarifa yako, alifukuzwa Kenya 1964, akaenda Bahrain kuwa mkubwa wa usalama. Alifia huko mzee.

Siku moja kabla ya kunyongwa, tarehe 17 Februari 1957, Kimathi aliandika barua. Ilikwenda kwa Padri Marino, wa misheni ya Wakatoliki Nyeri. Haina amri, haina jeshi, haina laana kwa mtu. Anamsifu padri aliyekuwa akimtembelea gerezani. Anaomba mama yake asiachwe peke yake, ni mzee. Anamtaja mkewe, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini Kamiti hapo hapo. Na anaomba mwanawe apelekwe shule.

Mke huyo, Mukami, aliishi miaka 66 zaidi akiomba mwili wa mumewe ili amzike. Alifariki tarehe 4 Mei 2023. Rais alikuja, kamera zikaja, akazikwa shambani kwake Njabini, Kinangop, ardhi iliyokuwa ya masetla. Mumewe bado yuko Kamiti.

Ukipata fare, nenda Njabini. Ukisimama barabarani ukiangalia juu, ule msitu mweusi ndio Nyandarua.